Udongo Mkononi mwa Balozi

Jumapili ile, misa ya kwanza ilipotoka tu, nusu ya kijiji ilihamia kwenye banda la video la Shukuru. Waliozoea kubaki uwanjani kwa paroko kupiga soga hawakubaki. Kaseti ilikuwa imepanda Mgeta na lori lililorudi tupu kutoka Kariakoo, na habari zilikuwa zimeitangulia: mchezo wa balozi, ule uliopigwa hapa hapa mlimani wakati wa kiangazi, umetoka, na Kasimiri yumo. Kasimiri yule yule, mume wa Juliana, ndani ya televisheni! Sasa nani abaki nyumbani kumenya viazi?

Kasimiri mwenyewe alivaa shati alilofungia ndoa. Alipewa benchi la mbele, jambo ambalo halikuwahi kumpata mahali popote Mgeta, si kanisani wala kwenye kikao. Mkewe alikaa nyuma na akina mama, mtoto wao Regina mapajani. Wakati wa kupiga picha Juliana hakuwepo. Alikuwa ameshuka mjini, Kilakala, kumwuguza dada yake aliyejifungua. Aliporudi aliambiwa tu kwamba watu wa Dar walikuja wakapiga picha zao wakaondoka. Leo alikuwa amekuja kumwona mumewe akisifiwa, na moyoni alikuwa na furaha, tena si kidogo.

Shukuru akawasha jenereta, deki ikameza kaseti, na balozi akatokea. Ni balozi wa nchi moja ya Ulaya ambayo haikutajwa. Gari lake linaharibika milimani, dereva anakwenda kutafuta fundi na harudi, naye anabaki peke yake na suti yake. Anakutana na mtoto mdogo anayechunga mbuzi, anamwinamia na kumwambia, "Shikamoo." Mtoto anajibu kwa sauti nzito, "Marahaba." Banda zima likaangua kicheko. Balozi anaingia kwenye kiwanja cha watu, anatafuta pa kukaa, anakalia kinu. "Uwii! Toka hapo, mwanaharamu we!" akina mama wakampigia kelele kana kwamba angewasikia. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua.

Ndipo akaingia Kasimiri, na blanketi begani na fimbo mkononi, mzee wa kijiji. Makofi! Mzee yule alikuwa aigizwe na mtu wa Dar, lakini kona za Mgeta zilimkomesha. Alianza kutapika gari lilipoiacha lami, na alipofika juu hakuweza hata kusimama. Mwongozaji wa mchezo, bwana mmoja mnene aitwaye Oscar, akaangaza macho, akamwona Kasimiri anapalilia, mrefu, mvi mbili tatu, uso wa heshima. Akasema huyu huyu.

Kwenye kioo mzee wa kijiji alimshika balozi mkono, akampandisha hadi ukingo wa juu wa shamba, penye mawe matatu yaliyopakwa chokaa. Akainua jembe dogo lenye mpini mweusi, akachota udongo, akautia kwenye kiganja cha balozi na kukifumba. "Mlima umekuona," alisema Kasimiri wa kwenye kioo. "Waliolala hapa wamekuona. Kuanzia leo kipande hiki ni chako, wewe na watakaokufuata. Ulime, ule, usikiuze." Balozi alitoa machozi. Kinanda kikapigwa.

Ndani ya banda hakuna aliyepiga makofi. Kicheko kilikuwa kimekatika, na sauti ya jenereta nje ikasikika vizuri.

"Hilo ni jembe la marehemu mama Eufrazia," alisema Semeni, binamu yake Juliana, taratibu kabisa. "Na yale ni makaburi yetu."

Kasimiri aligeuka kumtafuta mkewe. Juliana alikuwa amekwishasimama, kamwinua Regina mgongoni, anapita kati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni.

*

Kasimiri alimkuta mkewe jikoni. Hakuwa amekoka moto. Jembe lenyewe alikuwa ameliondoa ukutani na kulilaza mezani, juu ya kitambaa cheupe, kama linaumwa.

"Nani alikupa hili?"

"Mama Regina, lilikuwa pale ukutani, na yule bwana alisema nitafute kitu cha…"

"Nimeuliza nani alikupa."

"Hakuna aliyenipa. Nilichukua." Kasimiri alivuta kigoda, akaona aibu kukaa, akabaki amesimama. "Lakini ule ni mchezo. Hata yule balozi si balozi. Ni mwalimu wa chuo, anakaa kule Mazimbu, anafundisha mambo ya misitu. Anaitwa Erik."

"Na jembe nalo la mchezo? Mama yangu aliyelala pale naye wa mchezo?" Juliana hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Maneno yale uliyatoa wapi, baba Regina? Yaliandikwa kwenye makaratasi yao?"

Hayakuandikwa. Makaratasi ya Oscar yalisema mzee anamkaribisha balozi, basi. Ila Oscar alikuna kichwa akasema, "Mzee, hapa pamepoa. Mpe kitu. Kitu kinachogusa moyo." Na Kasimiri, kwa kutaka kupendeza, akakumbuka kitu kilichowahi kumgusa yeye. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi mjini kilipofunga milango, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja moja kama vyombo vya marehemu, walipanda huku yeye na mkewe na godoro lao. Mjomba Mikaeli, mkubwa wa ukoo wa kina Juliana, aliwapeleka pale penye mawe. Akachota udongo kwa jembe lile lile, akautia kiganjani mwa Juliana na kusema maneno yale yale. Kasimiri alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia. Hakuna aliyemwambia asogee.

"Niliyakumbuka," alisema.

"Uliyakumbuka." Juliana alitikisa kichwa. "Na walipofika, waliuliza shamba la nani?"

Kasimiri alisogeza kigoda kwa mguu.

"Waliuliza, hawakuuliza?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

Ewe msomaji, usimcheke. Hebu jiweke pale. Watu wa Dar wamekuzunguka, miwani ya jua usoni, kamera begani, na mkubwa wao anakuita mzee na kusema tumelipenda sana shamba lako. Utasemaje? Kwamba si langu, ni la mke wangu. Na la mke wangu si lake hivyo, ni la ukoo wa mama yake. Ngojeni kwanza tumwulize mjomba? Kwao Kasimiri ni Mbinga, Umatengoni, huko baba yake husema "shamba langu" na mazungumzo yakaishia hapo. Hapa Uluguru mume hupokelewa kwa mke, watoto ni wa kwa mama yao, na mkwe hata akikaa mpaka meno yamtoke ni mkwe. Maneno yale mawili hakuwahi kuyatamka tangu azaliwe. Aliyatamka siku ile, na lo, yalikuwa matamu.

"Nilisema ni langu," akajibu.

Juliana alikaa. Akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia, na Kasimiri akatamani angalau angemtukana.

*

Kikao kilikaa kwa mjomba Mikaeli kesho yake. Mjomba alikuwa mtu mkavu, mpole wa sauti, aliyependa kumaliza kukwangua kiko chake kabla ya kusema. Kasimiri aliamkia, "Shikamoo mjomba," na marahaba ikaja, lakini mkeka haukuja. Mkwe alikaa kwenye gogo la mlangoni, na mtoto wa mtu akipita na ndoo ilimbidi asogeze miguu.

"Mkwe," alianza Mikaeli, "wengine hapa wanasema umeuza. Mimi sisemi umeuza."

"Kweli mjomba, sikuuza. Ulikuwa mchezo wa televisheni."

"Mchezo naujua. Hata sisi tulicheza kabla hujaja wewe na kabla haijaja televisheni. Ungempa kuku, ningecheka. Ungempa mkeka, ungempa hata hilo blanketi. Wewe umempa yale maneno. Mimi mwenye kuyasema huwa siyasemi mpaka nimewaita wakubwa wote na nimeshinda na njaa. Tena unayasema mbele ya makaburi, umeshika jembe lenyewe. Sasa waliolala pale wana televisheni? Watajuaje kwamba wewe unatania?"

Semeni akadakia. Hakuwa mwanamke mbaya, ila hofu ilikuwa imemkaa. "Ng'ambo ya bonde kule walikuja watu na gari jeupe, wakachomeka vigingi kwenye mashamba ya wenzetu, wakasema ni mwekezaji. Hawakumwuliza mtu. Mwekezaji wetu sisi hatakuwa na haja ya kuuliza. Ataonyesha kaseti! Mkwe wetu amesimama anamkabidhi, Dar nzima imeona."

"Mahakama gani itapokea kaseti ya mchezo?" Kasimiri alisema, na papo hapo akajuta. Ilikuwa sauti ya mtu wa kiwandani anayewaelimisha watu wa mlimani, na wote waliisikia.

Mikaeli aliweka kiko chini. "Wewe umesoma, mkwe. Ndiyo maana ulisema shamba ni lako." Hakuna aliyecheka. "Basi sikia. Udongo ule ulitoka, na urudi. Si mwingine, ule ule, na aliyeupokea aulete yeye mwenyewe kwa mkono wake. Ukirudi kabla ya mvua za kupandia, tutanyamaza. Usiporudi, wewe utarudi kwenu Mbinga. Juliana akitaka kukufuata hatumfungi kamba. Shamba litabaki. Na mtoto atabaki, maana ni wetu."

Kasimiri alimtazama mkewe. Juliana alikuwa anatazama mikono yake. Hakusema neno la kumtetea wala la kumkana, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yake, hatua za haraka, kama mtu anayekwenda kuzima moto.

Mlangoni Regina akamwuliza, "Baba, Mbinga ni mbali kupita Morogoro?"

"Mbali."

"Utakuwa unakuja?"

Kasimiri aliingia ndani akajifanya anatafuta kiberiti.

*

Kasimiri alishuka mjini kwa lori, juu ya magunia ya karoti. Morogoro ilikuwa na joto, na kuwa ameishi mji huo ujanani hakukumsaidia kitu penye geti la Mazimbu. Mlinzi alimtazama viatu kwanza.

"Unamtaka Mzungu gani?"

"Erik. Mwalimu wa misitu."

"Una shida gani naye?"

Kasimiri alifikiri, akakosa la uongo. "Nilimpa shamba."

Mlinzi alicheka mpaka akaegemea geti. "Wewe ulimpa Mzungu shamba! Dunia imepinduka. Pita, mzee, pita, leo umenifurahisha."

Erik alikuwa anaishi kwenye moja ya zile nyumba walizoziacha wakimbizi wa Afrika Kusini waliporudi kwao. Alimtambua Kasimiri mara moja, akamkumbatia, akamwita "mzee wa kijiji," akaleta chai iliyotiwa majani mengi mno na sukari kidogo mno. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani, kila neno limenyooshwa pasi. Kasimiri alieleza. Alieleza yote, hata lile la kusema "langu," maana alikuwa amechoka kulizungukia.

Mzungu aliweka kikombe chini. Kisha akaenda dirishani, akarudi na kopo la kahawa. Udongo ule alikuwa amekwenda nao siku ile kwenye leso, na hapo koponi alikuwa akiutilia maji kila asubuhi. Kimche cha mnavu kilikuwa kimeota chenyewe, majani manne.

"Nilidhani ni zawadi," alisema. "Niliwaandikia nyumbani kwamba nimepewa udongo wa Uluguru. Sikujua kwamba nimepewa Uluguru." Alijaribu kutabasamu ikashindikana. "Tulipomaliza kupiga picha, watoto wa pale waliniuliza kama mimi ni balozi kweli. Nikasema hapana. Wakaniuliza, sasa umefuata nini huku? Nikacheka, nikapanda gari."

"Hata mimi nilidhani ni mchezo," alisema Kasimiri.

"Wewe umekaa pale siku nyingi. Wanakuitaje?"

"Mkwe."

"Mpaka lini?"

Kasimiri alizungusha kikombe chake. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa amelima matuta yale kwa ufundi wa kwao, akichimba mashimo na kuyafukia majani mpaka kabichi zake zikawa zinasubiriwa na madereva barabarani, na kila jioni alirudi nyumbani akihisi kama mtu aliyekuja kusalimia akachelewa gari. Kosa la nani? Huko kwa wakwe hakuna aliyemfukuza, wala yeye hakuwahi kuomba kitu. Alikuwa ananung'unika kimya kimya tu, mpaka kamera ikampa nafasi ya kujipa mwenyewe.

"Nitakuja," alisema Erik. "Lakini nifundishe kwanza. Nikae wapi, nimsalimie nani, niseme nini."

"Usikalie kinu," alisema Kasimiri, na wote wawili wakacheka kidogo kwa mara ya kwanza.

*

Siku Kasimiri na Erik walipopanda Mgeta, mawingu yalikuwa yamekaa mabegani mwa mlima na watu walikuwa wamekwisha kusanyika kwenye ukingo wa juu wa shamba. Erik alisalimia vizuri. Alimpa Mikaeli shikamoo ya kuinama, akawapa pole wakubwa wote, hata wasiofiwa. Alitafuta pa kusimama akaelekea moja kwa moja kwenye jiwe la mama Eufrazia. "Si hapo!" akina mama walisema kwa pamoja, na akaruka kama amekanyaga kaa la moto. Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko.

Mikaeli alisema maneno ya Kiluguru kuelekea makaburini, kwa kirefu, akimwaga pombe kidogo kidogo. Jembe lilikuwa mikononi mwa Juliana. Alisimama upande wa ukoo wake, na Kasimiri alisimama upande wa chini, peke yake. Tangu siku ya kikao walikuwa wamezungumza habari za chumvi na kuni tu.

"Haya," alisema Mikaeli, akihamia Kiswahili. "Uliyepokea, rudisha."

Erik alichomoa udongo kwenye kopo kwa mikono miwili, na kimche chake juu. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa amemwambia ampe nani. Kasimiri katika kumfundisha yote yale alikuwa amesahau hilo, au labda alikuwa ameshindwa kulisema. Na Mzungu wa watu akafanya ambavyo kila mtu mwenye adabu angefanya: kilichotoka kwa fulani hurudi kwa fulani. Akashuka hatua chache, akamnyooshea Kasimiri.

Semeni alishika mdomo. Mikaeli alitazama tu, na Juliana alifumba macho.

Udongo ulikuwa pale, chini ya kidevu cha Kasimiri. Aliisikia harufu yake. Ndio huo alioumwagia jasho, na huyu hapa mtu anampa mbele ya ukoo mzima, mbele ya mjomba, bila yeye kuomba. Angenyoosha mkono tu. Angeweza hata kusema baadaye kwamba alikuwa anaupokea kwa niaba. Nani angebishana na mgeni?

Kasimiri alirudisha mikono yake nyuma, akaishikanisha mgongoni.

"Hapana, mwalimu," alisema. Akapaza sauti ili wa juu nao wasikie. "Shamba si langu. Halikuwa langu hata siku ile niliyokupa. Niliona haya kuwaambia wale watu, nikasema uongo. Mpe mwenyewe. Yule pale, mwenye jembe."

Erik aligeuka, akapanda zile hatua chache, akamkabidhi Juliana. Juliana alipokea kwa viganja viwili, akapiga magoti pembeni mwa jiwe la mama yake, akaurudisha udongo ardhini na mnavu wake, akaugandamiza kwa vidole polepole. Akina mama wakapiga vigelegele, si vya harusi, vifupi, vya mtu aliyeona mtoto wake katoka mtoni salama. Mikaeli alishusha pumzi ambayo labda alikuwa ameibeba tangu siku ya kikao.

"Yamekwisha," alisema. "Juliana, rudisha jembe ukutani."

Juliana aliinuka. Alilifuta jembe kwa pindo la kanga, mpini na bapa, akaliangalia. Kisha, badala ya kupanda njia ya nyumbani, alishuka mpaka alipokuwa amesimama mumewe na kumwelekezea mpini.

"Kabichi za bondeni zimesongwa na magugu tangu ulipoondoka," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani nani atapalilia?"

"Na hili?" Kasimiri alinong'ona. "Hili la mama?"

"Safari hii nimekupa mimi."

Watu wote wakamgeukia Mikaeli. Mzee alikwangua kiko chake taratibu, ingawa kilikuwa hakina kitu ndani, akawaacha wangoje.

"Mgeni siku mbili," alisema mwishowe.

"Ya tatu mpe jembe!" wakamalizia wote, na sauti ya Erik ilisikika kupita zote, maana hiyo alifundishwa darasani.

Kasimiri alilipokea. Alivua shati lake la ndoa, alilokuwa amelivaa tena, akamwachia Regina amshikie, akashuka na jembe bondeni kati ya matuta, na hakuna aliyemwita alirudishe.